Chupa ya Wifi Yangu

Wifi yangu hajawahi kunywa pombe. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hawatafika mwisho wa habari hii, na nataka waondoke nalo. Hakunywa harusini, hakunywa msibani, hakulamba hata povu. Na bado mtaa mzima, daktari na mume wangu mwenyewe waliapa kwamba ini lake limeharibiwa na bia.

Kazi yake ilikuwa mhudumu wa baa. Kesi yake ikaishia hapo kabla haijasikilizwa.

Baa hiyo aliiingia akiwa msichana, baada ya baba yao kufariki. Mzee alikuwa mnywaji, na simsengenyi marehemu, wanawe wenyewe wanasema. Alikunywa mpaka macho yakawa ya njano na tumbo likajaa, akafia kwenye kochi watoto wakimwangalia. Watoto walikuwa wawili tu, mume wangu na dada yake. Kaka akakua anachukia walevi. Dada akakua anaichukia pombe yenyewe, lakini ndugu zangu, kazi iliyopatikana ilikuwa ya kuibeba kwenye trei. Angefanyaje? Alale njaa ili watu wamwone mstaarabu?

Baa ina desturi zake. Mteja akishachangamka hataki kunywa peke yake, anamwita mhudumu: "Na wewe chukua moja, kwenye bili yangu." Mhudumu akikataa anaonekana anaringa, mteja anahamia meza ya mwenzake. Akizikubali zote, mpaka jua linazama hawezi kubeba hata bilauri. Kwa hiyo wifi akaelewana na muuzaji wa kaunta, mwanamume mwembamba ambaye kila mtu alimwita Kaunta, kana kwamba alizaliwa ameegemea meza ile. Chupa tupu za kahawia zilijazwa maji, zikagongewa vizibo vya zamani kwa kiganja, zikapangwa kwenye friji nyuma ya soda. Mteja akimnunulia, Kaunta anatoa moja ya hizo. Wifi anaifungua njiani kwa opena iliyoning'inia kiunoni, anafika mezani, anagonga chupa na mteja, afya! Bia halisi inabaki kwenye friji, bei yake wanagawana. Mshahara wa pale ulikuwa wa kuchekesha. Maji yale ndiyo yaliyolipa kodi ya chumba chake.

Na alikuwa fundi. Funda la kwanza alikunja uso kidogo, la pili akafuta povu ambalo halikuwepo. Kwa kuwa kila meza ilimwona na chupa moja tu isiyoisha, wateja wakambatiza jina: Chupa Moja. Wahudumu wengine wakaiga, ikawa ndiyo mtindo wa kazi. Wateja walikuwa wanainywesha maji baa nzima ya wasichana na kujiona wafalme.

Siri hiyo alinipa mimi nikiwa namsuka. Mimi ni msusi, nina viti vyangu viwili barazani, na mtu akikuachia kichwa saa zote hizo huwa anakuachia na yaliyomo. Nilicheka mpaka nikapoteza mstari.

"Wifi, kumbe wewe mwizi!"

"Mwizi ni wewe uliyemwiba kaka yangu," akanijibu, "tena hata hukuuliza bei."

Ndivyo tulivyokuwa. Tangu nimeolewa, hakuna mtu kwenye ukoo ule aliyenichekesha kama yeye. Alikuja kila nilipokuwa na nafasi, akatupa viatu kule, akakaa chini kati ya magoti yangu. Nimeishika shingo ile miaka na miaka. Pumzi yake naijua. Ilinuka tangawizi na tembe za koo.

Kisha tumbo likaanza.

Kwanza ilikuwa maumivu chini ya mbavu za kulia, akasema ni kubeba kreti. Baadaye sketi ikagoma kufunga. Kule baa wakaanza kumtania kwamba ana mimba, wakabishana baba ni nani, na Mstaafu mmoja, karani wa zamani aliyemnunulia chupa kila Jumamosi, akajitolea kutoa jina la mtoto. Wifi akacheka nao. Lakini uso ulikuwa unasinyaa huku tumbo linapanda, na miguu ikavimba mpaka alama ya kidole ikabaki pale alipobonyeza. Nilipoona weupe wa macho umeanza kuwa wa njano, nilifunga kazi barazani nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana, shati limepigwa pasi vizuri. Alimbonyeza tumbo, akamgongagonga, mpaka hapo sina ugomvi naye. Akakaa.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Mhudumu wa baa."

Kalamu ikasimama. Akamtazama kwa jicho jipya, akatabasamu kidogo.

"Kwa siku unakunywa ngapi?"

"Sinywi, daktari."

"Sijakuuliza kama unakunywa. Nimekuuliza ngapi."

Nikaingilia. Sikuweza kunyamaza. "Daktari, amesema hanywi."

"Na wewe ni nani yake?"

"Wifi yake."

"Mawifi siku hizi wanapendana," akamwambia nesi, na nesi akacheka. Wifi yangu yuko pale kitandani tumbo limekaza ngozi inang'aa, na wao wanacheka! Wakamchoma sindano ubavuni, wakaunganisha mpira, maji ya njano yakateremka kwenye ndoo mpaka yakakaribia ukingo.

"Kumbe nilikuwa na kisima," akasema wifi, na hakuna aliyecheka ila mimi.

Akaandikiwa vidonge vya kumkojoza na onyo la kuacha pombe. Sasa niambieni, mtu anaachaje asichokinywa? Nilimuuliza daktari kama hakuna kipimo kingine, akasema ini la hivyo wameliona mara nyingi, halihitaji kipimo, linahitaji nidhamu. Nidhamu! Mwanamke amesimama kwa miguu yake tangu ubinti, hajaomba mtu chumvi, anaambiwa nidhamu na kijana ambaye mpaka leo nadhani anafuliwa soksi na mama yake.

Tumbo likajaa tena, haraka kuliko mwanzo. Tukarudi, wakanyonya tena, wakamgombeza tena. Safari ya tatu nesi mmoja mtu mzima alinivuta pembeni akaniambia nisipoteze muda pale. Kuna hospitali kubwa, mbali, ina wataalamu wa ini. Kama tuna uwezo tumpeleke, na tumpeleke sasa, kwa sababu anamwona anavyokwenda.

Uwezo ulikuwa mmoja tu, kiwanja alichoacha marehemu mzee, kimeandikwa majina ya wote wawili. Hakiuzwi bila sahihi ya mume wangu.

Nilimwita wifi nyumbani tukae tuzungumze. Alifika akihema, akakaa kwenye kiti cha mume wangu kwa sababu ndicho chenye mgongo wa kuegemea. Nikaeleza. Mume wangu alisikiliza huku anaangalia lile tumbo. Mimi namfahamu, najua alikuwa anamwona baba yake kwenye kochi. Lakini kujua si kusamehe.

"Siuzi," akasema.

"Baba watoto, mtu anakufa."

"Anakufa kwa alichokitafuta. Nilimzika mlevi mmoja, siziki kiwanja pamoja na wa pili."

"Mimi sinywi, kaka," wifi akasema. Alisema taratibu, hakuwa na pumzi ya kupiga kelele. "Tulimzika baba pamoja. Unadhani nilisahau?"

"Acha uongo, dada. Nimepita pale baa, nimekuona kwa macho yangu. Chupa mkononi, unagonga na wanaume."

Basi ikabidi aieleze ile siri. Akaeleza yote, maji, vizibo, friji, Kaunta. Nikaongeza kwamba mimi nilijua zamani na kwamba sijawahi kunusa pombe kwake. Mume wangu akatutazama kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni.

"Wanawake mnavyolindana!" akasema. "Leteni mtu wa tatu aseme hivyo."

Mtu wa tatu alikuwa Kaunta. Kesho yake mchana nikaenda. Baa ilikuwa haijachangamka, yeye yuko anapanga kreti, kitambaa begani. Nikamwambia hali halisi: mwenzako anakufa, kaka yake anataka neno lako moja tu, uje useme kwamba hanywi. Hakuna atakayelijua zaidi ya sisi.

Aliendelea kupanga. "Dada yangu, mimi nauza bia. Habari za maji sizijui."

"Huzijui?"

"Hili likitoka nje, bosi ananifukuza. Wateja watanipasua. Nina familia."

"Na yeye je?"

"Mungu atamsaidia," akasema, akachukua kreti nyingine.

Miaka yote amekula nusu ya jasho la yule mwanamke, na sasa anamsukumia Mungu! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira, kilio kibaya kuliko vyote kwa sababu hakimsaidii mtu.

Nilipomweleza wifi, hakulia. Aliweka mkono juu ya tumbo, halafu akaomba nimsaidie kujaribu gauni lake la kazini. Lilikuwa halifungi mgongoni, nikamwambia siku ya kulivaa nitalishona mwilini kwa sindano ya kushonea nywele. Kisha akampigia kaka yake simu, sauti ya upole kabisa.

"Kaka, nimeamua kuacha kazi. Jumamosi nisindikize nikachukue vitu vyangu."

Mume wangu alifurahi. Alidhani nidhamu imeanza.

Jumamosi alasiri tukafika. Meza zilikuwa zimejaa, watu wanatazama mpira kwenye televisheni. Kaunta alikuwa stoo anatoa mzigo, na aliyesimama nyuma ya meza alikuwa msichana wa zamu, ambaye hakujua lolote la ugomvi wetu. Wifi akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Mstaafu, akakaa. Sisi tukasimama nyuma yake.

Mstaafu akafurahi kama amepata mjukuu. "Chupa Moja! Umepotea wapi? Na huyo mtoto bado hajatoka?" Akainua mkono. "Binti! Mletee mwenzenu bia yake!"

Binti akainama kwenye friji, akapitisha mkono nyuma ya soda, akatoa, akaja nayo akiifungua njiani. Mazoea ya kazi. Akaiweka mezani mbele ya wifi yangu, na wifi hakuigusa kwa mdomo. Akaisukuma kwa kaka yake.

"Kunywa."

"Mimi sinywi pombe, unajua."

"Najua. Kunywa."

Mume wangu akainusa. Uso ukabadilika. Akapiga funda dogo, akakaa nalo mdomoni, akameza. Mstaafu akaona kuna jambo, akaipokonya ile chupa, akaonja yeye pia, na mimi sijawahi kuona mtu mzima akishtuka hivyo kwa maji safi.

"Haya ni maji!"

"Ni maji," wifi akasema. Akasimama kwa kushika meza, na akasema kwa sauti yote iliyobaki. "Ni maji tangu siku ya kwanza. Sijawahi kunywa bia yenu hata moja. Naumwa ini na kila mtu anasema nimejinywea. Sasa mmeonja."

Mnadhani kuna aliyemuuliza, pole, unaumwaje? Hakuna! Meza kwa meza walianza kuonja chupa za wahudumu, na kila aliyeonja alipiga kelele mpya. Mmetuibia! Rudisheni hela! Kaunta akatokea stoo na kreti mikononi, akageuka kurudi, wakamkamata kwenye mlango. Mstaafu alikaa anatikisa kichwa, kinachomuuma si ini la mtu, kinachomuuma ni kwamba miaka yote alikuwa analewa peke yake. Mwanamke anakufa mbele yao, tumbo limeshonewa ndani ya gauni, na wanaume wazima wanalilia bia!

Msichana wa zamu alikuja karibu na wifi, machozi yanamtoka. "Dada, umetuua njaa," akamwambia. Huyo sikumlaumu, kwa sababu alisema kweli. Wifi akamshika mkono, akauachia, tukaondoka.

Kaunta alifukuzwa siku ile ile. Mkiniuliza kama nilimwonea huruma, jibu ni hapana.

Mume wangu alitia sahihi Jumatatu. Mnunuzi alijua tuna shida, akatupunja, tukakubali.

Kule hospitali kubwa tulimkuta daktari mwanamke, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Aliuliza maswali mengi na akasubiri kila jibu. Akafika kwenye lile swali.

"Pombe unatumia?"

"Situmii."

"Sawa," akasema, akaandika, akaendelea na swali linalofuata.

Wifi yangu, ambaye hakulia kwa sindano wala kwa matusi, alilia kwa neno hilo. Daktari akadhani amemuumiza, akaomba radhi. Nikamwambia aendelee tu. Nilitoka nje kidogo nikapiga teke ukuta. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Herufi nne tu, zingesemwa na yule kijana wa shati la pasi, tusingemwaga ndoo zote zile.

Wakampima kwa ultrasaundi, ile inayoonyesha damu ikitembea kwa rangi. Daktari akatuita tuone. Damu inaingia kwenye ini kama kawaida, akatuonyesha, ile pale. Lakini mishipa ya kuitoa, ile inayoipeleka kwenye moyo, ilikuwa myeusi, haina mwendo. Imeziba kwa damu iliyoganda. Ini limejaa damu isiyo na pa kutokea, limevimba, maji yanavujia tumboni. Vipimo vingine vikaonyesha kwa nini: uboho wa ndani ya mifupa yake ulikuwa unatengeneza damu nyingi kupita kiasi, nzito, yenye kuganda ovyo. Haikuwa kosa lake. Haikuwa kosa la mtu.

"Kuna sehemu ya ini imeshakufa," daktari akasema. "Iliyobaki inatosha, lakini kwa shida. Kwa nini mmechelewa hivi?"

Mume wangu alikuwa anatazama sakafu.

Walipitisha waya kupitia mshipa wa shingo, wakaufungua mmoja wa ile mishipa, wakaacha ndani yake kibomba kidogo cha wavu kuuzuia usifunge tena. Walituambia mapema kwamba anaweza asitoke. Alitoka. Siku zilizofuata alikojoa mpaka manesi wakaanza kumtania, miguu ikarudi kuwa miguu, na macho yakaanza kusafika. Ini lile halitakuwa zima tena, na vidonge vya kuzuia damu kuganda atavimeza maisha yake yote. Lakini yuko hai.

Siku ya kuruhusiwa, mume wangu alikuja amevaa koti. Alikuwa amekodi gari, amenunua matunda, na njiani aliniambia mara kadhaa kwamba amefurahi amemwokoa dada yake. Nilimwacha aseme. Tulimkuta wifi ameketi ukingoni mwa kitanda anavaa viatu vyake mwenyewe.

Nesi akaja na mfuko wa dawa. "Nani ndugu wa karibu? Hizi dawa si za mchezo. Akizidisha anavuja damu, akiruka mshipa unaziba. Lazima nimweleze mtu atakayemwangalia."

Mume wangu akafunga kifungo cha koti. "Mimi. Kaka yake, tumbo moja."

Wifi hakuinua kichwa. Aliendelea kufunga kamba. "Mweleze wifi yangu."

"Dada, si mimi niliyekuleta?"

Hapo akamtazama. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha, ingekuwa nafuu kwake yule mwanamume.

"Nilikuambia mwenyewe kwamba sinywi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako, sina pumzi. Ukasema acha uongo. Chupa ya baa ilikuambia mara moja, ukaamini."

"Nimekosa, dada."

"Najua umekosa. Asante kwa kiwanja." Akageukia kamba ya kiatu cha pili. "Nesi, mweleze wifi yangu."

Nesi alitutazama wote watatu, mfuko mkononi. Nikakaa kitandani ubavuni kwa wifi, nikaupokea, nesi akaanza kunielekeza ni kidonge kipi cha asubuhi na nikiona damu kwenye fizi nifanye nini. Nilisikiliza kwa makini, nikarudia kila alichosema ili asiwe na shaka. Mume wangu alibaki amesimama pale pale na matunda yake, na hakuna aliyemwambia akae.